Fedha Unazochukua Kwenye Biashara Yako na Hesabu ya Kodi: Mwongozo kwa Mfanyabiashara Mdogo wa Mwanza

Kila unapokaribia mwezi Machi, wakati wa kupeleka makadirio ya kodi, maswali mawili hunijia kutoka Kirumba, Igoma, Buhongwa na hata kutoka ng'ambo ya maji kule Nansio. La kwanza ni hili: "Mwaka mzima nimejilipa laki tatu kila mwezi, je, naruhusiwa kuzitoa kwenye hesabu kabla ya kukadiriwa kodi?" La pili huulizwa kwa wasiwasi zaidi: "Nikichukua fedha dukani kwa ajili ya nyumbani, je, natakiwa kuzilipia kodi tena?" Kwa mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, bila kampuni, jibu la maswali yote mawili ni hapana. Fedha unazojichukulia si gharama ya biashara, kwa hiyo hazipunguzi kodi. Wala si mshahara, kwa hiyo hazitozwi kodi ya pili. Kodi hutozwa kwenye mauzo au kwenye faida ya biashara, iwe umechukua shilingi moja au umechukua yote.

Ingekuwa hivyo tu, mwongozo huu ungeishia hapa. Shida ni kwamba fedha zinazochukuliwa bila kuandikwa huharibu hesabu ya mauzo yenyewe, na hapo ndipo wengi hujikuta wanadaiwa kodi wasiyoitegemea. Hatua zilizo hapa chini zimeandikwa kwa ajili ya mwenye duka, mwenye meza sokoni, fundi na mchuuzi wa samaki ambaye hana mhasibu na anataka kuiweka sawa hesabu yake mwenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na namba ya mlipakodi, yaani TIN, ambayo hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Uwe na daftari kubwa la hesabu, lile la jalada gumu, na kalamu ya wino, penseli hufutika. Uwe na laini ya simu au namba ya kulipia ya biashara isiyochanganywa na laini unayotumia na familia, na ikiwezekana akaunti ya benki ya biashara. Weka bahasha au faili la risiti za manunuzi. Kama unatumia mashine ya EFD, yaani ile ya kielektroniki ya kutoa risiti, hakikisha unatoa ripoti yake ya kila siku na kuibandika au kuihifadhi pamoja na daftari. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, kwa hiyo usizihifadhi mahali panapovuja wakati wa masika.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye mfumo upi

Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hulipa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi, si faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiyetunza hulipa 250,000, na anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kuanza kutumika Julai 1, kwa hiyo linganisha namba hizi na jedwali la TRA la mwaka unaolipia.

Tazama mwenye kibanda aliyeuza milioni 9. Akiwa na daftari linaloeleweka atalipa 150,000. Asipokuwa nalo atalipa 250,000. Shilingi laki moja imelipwa kwa kukosa daftari, na daftari hilo halifiki hata elfu kumi.

Mauzo yakizidi milioni 100, au ukiwa unatoa huduma za kitaalamu kama ushauri na ujenzi, unaingia kwenye mfumo wa hesabu kamili, ambamo kodi hutozwa kwenye faida na hesabu zinapaswa kupitia kwa mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Hapo faida ya mwaka isiyozidi 3,240,000 haitozwi. Inayofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 9,120,000, asilimia 25 hadi 12,000,000, na inayozidi hapo asilimia 30.

*Tahadhari.* Ni katika mfumo huu wa pili ndipo kosa la kujihesabia mshahara huumiza zaidi. Chukua duka lenye mauzo ya milioni 120 na faida ya milioni 14, ambalo mwenyewe amejichukulia milioni 10 katika mwaka. Kodi sahihi ni 2,136,000. Akiziandika zile milioni 10 kama mshahara wake, faida itaonekana kuwa milioni 4 na kodi itakuwa 60,800. Siku hesabu zitakapopitiwa, milioni 10 zitarudishwa kwenye faida, naye atadaiwa 2,075,200 pamoja na riba na adhabu, wakati fedha zenyewe zilishatumika kwa ada na kuezeka nyumba.

Hatua ya 2: Tenganisha mifuko

Amua kwamba fedha ya mteja haipiti kwenye laini yako ya binafsi, hata mara moja. Mteja wa Sengerema akikutumia malipo ya mzigo kwenye namba ambayo dada yako naye hukutumia mchango wa kikoba, mwisho wa mwaka taarifa ya miamala yako haitaonyesha ipi ni biashara na ipi ni ya familia. Afisa wa kodi akiuliza, wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza kwamba laki nane ya Agosti haikuwa mauzo.

Unapotaka fedha yako, ihamishe kutoka kwenye laini ya biashara kwenda kwenye laini yako kwa muamala mmoja unaoonekana, kisha ndipo utume ada au umlipe fundi wa nyumbani. Usimlipe mwalimu moja kwa moja kutoka kwenye namba ya biashara, kwa sababu baadaye utaichanganya na malipo ya mzigo.

Hatua ya 3: Funga hesabu kila jioni, na uanze na ulichochukua

Hii ndiyo hatua yenyewe, na naomba usiiruke. Nitaeleza kwa mfano wa mama anayeuza dagaa wakavu pale Mwaloni, Kirumba, ambaye fedha yake hukaa kwenye kopo la plastiki chini ya meza, chini ya kitambaa cha kufutia mizani.

Asubuhi alianza na 50,000 za chenji. Jioni amefungua kopo, amenyoosha noti zilizonukia dagaa, na amehesabu 207,000. Kwenye simu ya biashara zimeingia 120,000. Mchana aliwalipa wapagazi 18,000 na ushuru 5,000. Alizoea kufanya hesabu hivi: 207,000 toa 50,000, ongeza 120,000, ongeza 23,000 alizolipa, jumla 300,000. Akaandika mauzo ya siku ni 300,000 na kufunga daftari.

Nilimwomba ataje kila alichotoa kwenye kopo kwa ajili ya nyumbani siku ile. Unga na mboga, 12,000. Nauli ya mtoto wa shule, 8,000. Rambirambi ya jirani aliyefiwa, 20,000. Jumla 40,000. Fedha hizo zilitoka kwa mteja kabla hazijaenda msibani, kwa hiyo mauzo ya siku hiyo yalikuwa 340,000.

Kanuni yake ni hii, na unaweza kuiandika ndani ya jalada la daftari:

Fedha iliyopo jioni, toa fedha ya kuanzia, ongeza iliyoingia kwenye simu, ongeza gharama zilizolipwa taslimu, ongeza ulichochukua kwa ajili yako, toa fedha uliyoingiza mwenyewe. Jibu ndilo mauzo.

Kipengele cha mwisho husahaulika. Ukileta 100,000 kutoka nyumbani ili kuongeza mtaji, au ukipokea mkopo, hayo si mauzo na hayalipiwi kodi ya mapato, lakini ni lazima yaandikwe. Kwa hiyo chora safu mbili pembeni mwa ukurasa: "Nilichochukua" na "Nilichoingiza".

Pengine utasema 40,000 ni kitu kidogo. Mama huyu hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, yaani siku 312 kwa mwaka. Si kila siku kuna msiba, lakini kila siku kuna jambo. Kwa hesabu ya 300,000 kwa siku, mauzo yake ya mwaka ni 93,600,000, naye anajiona yuko ndani ya kiwango cha milioni 100. Kwa hesabu ya kweli ya 340,000, mauzo ni 106,080,000, na alishavuka kuingia kwenye mfumo wa hesabu kamili bila kujua. Hakuiba wala hakuficha. Alikosa safu moja tu katika daftari. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko yote yaliyomo humu.

*Tahadhari.* Kama unatumia EFD, risiti hutolewa wakati wa kuuza, na jibu la kanuni hii linapaswa kulingana na ripoti ya mashine ya siku hiyo. Vikitofautiana, tafuta sababu jioni ile ile, kwa maana baada ya wiki hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 4: Andika bidhaa zinazokwenda nyumbani

Kuchukua si fedha peke yake. Sado ya dagaa, kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, sato aliyebaki jioni: vyote ni mali ya biashara iliyotoka bila kuuzwa. Viandike kwa bei uliyonunulia, kwenye safu ile ile ya "Nilichochukua", ukiweka alama ya kuonyesha kuwa ni bidhaa ili usivijumlishe kwenye kanuni ya fedha ya jioni.

Kwa anayelipa kwa mauzo, kumbukumbu hii humsaidia kueleza kwa nini alinunua magunia 40 na mauzo yakaonyesha 38. Kwa aliye kwenye hesabu kamili, thamani ya bidhaa hizo inapaswa kuondolewa kwenye gharama za manunuzi, kwa kuwa ililiwa nyumbani na haikuzalisha mapato. Aliyesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, usajili ambao ni wa lazima mauzo yanapofika milioni 200 kwa mwaka, amweleze mhasibu wake kila bidhaa iliyotoka hivyo, kwa sababu ina hesabu yake ya VAT.

Hatua ya 5: Gawanya gharama zinazotumika pande mbili

Pikipiki inayobeba mzigo asubuhi na kupeleka watoto shule, umeme wa nyumba ambayo chumba cha mbele ni duka, simu moja yenye vifurushi: sehemu ya biashara ni gharama halali na sehemu ya nyumbani ni matumizi yako. Tafuta kipimo unachoweza kukieleza, kama vile siku za kazi kwa wiki au vyumba vinavyotumika, kiandike, na ukifuate mwaka mzima. Hatua hii inamhusu aliye kwenye hesabu kamili; anayelipa kwa mauzo hapunguziwi gharama yoyote, anaweza kuipita.

Hatua ya 6: Jipangie kiasi maalumu cha kuchukua

Sheria haikupangii kiasi, ila busara inakutaka ujipangie. Kwetu huku ziwani mapato hayaji sawasawa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi inapowaka wavuvi hupumzika, mzigo hupungua mwaloni, na mama lishe wa hapo naye huona wateja wamepungua. Anayejipimia kwa wiki ya giza atakula mtaji katika wiki ya mbalamwezi.

Chukua mauzo ya miezi mitatu, toa manunuzi na gharama zote, toa kodi, kisha ugawanye kwa tatu. Kiasi unachochukua kila mwezi kisizidi hapo, na mimi hupendekeza kibaki chini yake kidogo. Kichukue siku moja maalumu kwa wiki au kwa mwezi, kwa muamala mmoja. Safu ya "Nilichochukua" ikiwa na mistari minne kwa mwezi badala ya themanini, hata wewe mwenyewe utaisoma kwa urahisi.

Hatua ya 7: Tenga kodi kabla ya kuchukua chako

Kwa anayelipa asilimia 3.5, kila mauzo ya 100,000 yana 3,500 ya kodi ndani yake. Siku uliyouza 250,000, tenga 8,750. Iweke kwenye akaunti ambayo kadi yake huitembezi nayo. Mwenye mauzo ya milioni 30 kwa mwaka atadaiwa 1,050,000, na kiasi hicho hakibadiliki kwa kuwa alichukua milioni 3 au milioni 9 kwa matumizi yake.

Hatua ya 8: Peleka makadirio na ulipe kwa awamu

Kwa mwaka wa kalenda, makadirio hupelekwa TRA kabla ya kumalizika Machi 31, na kodi hulipwa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Aliye kwenye hesabu kamili hupeleka pia ritani ya mwaka, yaani taarifa kamili ya mapato na kodi yake, ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, yaani hadi Juni 30. Malipo hufanywa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa TRA, kupitia benki au simu. Usimkabidhi mtu fedha taslimu hata kama anajitambulisha kuwa ofisa.

Kama una kampuni au ubia

Hapa mambo hubadilika, na wengi waliosajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa ajili ya kupata zabuni hawakuelezwa. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, na fedha zake si zako hata kama hisa zote ni zako. Hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Unaweza kujilipa mshahara kama mkurugenzi unayefanya kazi. Huo ni gharama ya kampuni, lakini ni lazima ukatwe kodi ya mshahara na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ilipwe. Unaweza pia kuchukua gawio, yaani fungu la faida la mwenye hisa, baada ya kodi ya kampuni, nalo kwa kawaida hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Fedha utakayoichukua nje ya njia hizi mbili itabaki kwenye vitabu kama deni unalodaiwa na kampuni, na ikiachwa bila mkataba wala marejesho yaweza kuhesabiwa kuwa gawio na kutozwa kodi.

Katika ubia wa watu binafsi, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida hugawanywa kwa mujibu wa mkataba na kila mbia hulipia fungu lake, hata kama hajalichukua. Mbia aliyeacha fedha zake zote kwenye mzigo bado atadaiwa.

Mambo yakikwama

*Sijaandika nilichochukua tangu Januari.* Anza leo, kisha rudi nyuma kwa vithibitisho ulivyonavyo: taarifa ya miamala ya simu, risiti za ada, risiti za manunuzi. Linganisha mzigo ulionunua na faida yako ya kawaida ili upate mauzo yanayokaribia ukweli. Yaandike kwenye ukurasa wake na useme kuwa ni makadirio. Usibuni namba za kila siku.

*Makadirio ya Machi yamekuwa makubwa kuliko biashara ilivyokwenda.* Unaruhusiwa kuyarekebisha ndani ya mwaka. Nenda na daftari lako katika ofisi ya TRA inayokuhudumia kabla ya awamu inayofuata, usisubiri Desemba.

*Nimeletewa tathmini nisiyokubaliana nayo.* Pingamizi la maandishi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu upokee tathmini, pamoja na kulipa theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi usichobishania, kutegemea kipi ni kikubwa. Unaweza kuomba kupunguziwa malipo hayo kwa sababu za msingi. Safu zako mbili, "Nilichochukua" na "Nilichoingiza", ndizo zitakazoonyesha ipi haikuwa mauzo.

*Mume wangu, au mke wangu, hufanya kazi dukani kila siku, naweza kumlipa?* Kama kazi ni ya kweli na kiasi ni kile ambacho ungemlipa mtu mwingine kwa kazi hiyo, huo ni mshahara, na kwa aliye kwenye hesabu kamili ni gharama halali. Andikeni mkataba, mlipe kwa njia inayoonekana, na ufuate taratibu za mwajiri. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hauna kodi ya mshahara. Fedha unazompa kwa ajili ya chakula cha nyumbani si mshahara wake. Hizo ni matumizi yako, na mahali pake ni kwenye safu ya "Nilichochukua".

*Nina awamu imefika na fedha ya kodi nimeshaitumia.* Usikae kimya, kwa sababu riba huhesabiwa. Mwandikie Kamishna wa TRA kabla ya tarehe kupita, ukiomba kulipa kidogo kidogo, na uonyeshe kiasi utakacholipa kila wiki na tarehe zake. Kisha punguza kiasi unachojichukulia hadi deni liishe, na uandike kwenye daftari kiasi kipya na siku kilipoanza.